"Spend" haikai na "for": Kiingereza cha kutoa hela

Kiswahili kina kutumia moja tu: unatumia jembe, unatumia elfu kumi. Kiingereza kimevitenga. Jembe ni "use", hela ni "spend". Ndiyo maana mfanyabiashara wa mchele pale Mwanjelwa anamwambia mgeni "I used 50,000 for transport". Ataeleweka, ila kilichotakiwa ni "I spent 50,000 on transport". Hiyo "on" ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu kichwani tuna "kwa ajili ya", na ulimi unakimbilia "for".

Kikifuata kitendo badala ya kitu, "on" inaondoka na kitenzi kinachukua -ing: "We spent 80,000 repairing the bajaji". Usiseme "to repair". Na "use" haijafukuzwa kabisa kwenye hela. "I used the money to buy fertilizer" ni sahihi, maana hapo unaeleza hela ilifanya kazi gani, si kiasi gani kimekutoka.

Kwenye "pay" lugha yetu inatubeba, tena vizuri. Kulipa ni "pay", kulipia ni "pay for". Umemlipa dereva: "I paid the driver". Umelipia viazi: "I paid for the potatoes". Kipimo hiki kinayumba kwenye kodi ya nyumba, maana mtaani watu husema "nimelipia kodi" bila wasiwasi, lakini Kiingereza kinabaki "pay the rent". Jiulize: ninachokitaja ni malipo yenyewe au ni kitu ninachopata? Kodi, ada, nauli na bili ni malipo yenyewe, hayataki "for". Chumba, viazi na safari ni vitu unavyopata, vinataka. Vyote vinaweza kukaa sentensi moja: "I paid the driver 2,000 for the trip".

Geuza sentensi hiyo uanze na safari, unapata "The trip cost me 2,000". Hakuna "to me". Na wakati uliopita ni "cost" ileile. "Costed" waachie wanaokadiria gharama za miradi, wao wanayo kwa maana yao.

Pesa zimeisha. Kwetu ni wingi, kwao "money" ni umoja daima, kwa hiyo "the money are finished" inakwaruza sikio. Ukisema umeishiwa, sema "I've run out of money".

Sasa sokoni Uyole. Viazi vinaweza kuwa "expensive", bei haiwi hivyo: bei ni "high" au "low". Mnunuzi akiona bei imepanda, "I can't afford it" maana yake hamudu, mfuko hauruhusu. Kama hela anayo ila hataki kuitoa yote, "that's more than I want to spend" inafaa zaidi, na inaacha mlango wa kupatana ukiwa wazi. (Lumbesa haina jina kwenye Kiingereza. Sema "an overfilled sack" na uoneshe kwa mikono ile shungi ya juu.)

Kuna pia maneno yenye hisia ndani. "Splash out on" ni kujitanua mara moja kwa raha zako, mathalani kulala hoteli nzuri ukienda Ruaha: "We splashed out on a lodge". "Fork out" ni kutoa huku unauma meno, mfano gia boksi imekufa katikati ya mlima Kitonga: "I had to fork out 300,000 for a breakdown truck". Hapa sasa "for" imerudi, kama kwenye "pay". "Blow" ni kuponda: "He blew his potato money on beer". Yote matatu ni ya maongezi. Kwenye insha ya kidato cha nne andika "spend", na kama mtu ametapanya urithi, "squander".