Njia ya Farasi Kando ya Ziwa Windermere

Mwendesha baiskeli wa Mombasa huendesha kwa masikio. Anayetoka kisiwani alfajiri kupitia Makupa, akapanda Changamwe na kushika njia ya Miritini, hujifunza upesi kutofautisha mvumo wa trela lililobeba kontena kutoka Kilindini na wa lile lililo tupu, kwa kuwa lile tupu ndilo linalokimbia, na baada ya muda hujua kwa sauti ya injini pekee kama dereva aliye nyuma amemwona au hajamwona. Nimeendesha hivyo tangu ujana wangu, na sikuwahi kuuona huo kuwa ni mzigo, hadi siku moja ya mwisho wa Juni, miaka michache iliyopita, mpwa wangu aliponipeleka kwenye milima na maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikulia Majengo kabla ya kuhamia mji wa Preston kwa kazi ya uuguzi. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta ameniazimia baiskeli ya changarawe kutoka kwa mwenzake wa kazini, nami nikaizunguka kwa shaka kidogo. Kwa mbali ilifanana na baiskeli ya mashindano, yaani ile yenye usukani uliopinda kwenda chini, lakini matairi yake yalikuwa mapana, yenye meno mafupi, na kati ya tairi na fremu palikuwa na nafasi ya kutosha tope kupita bila kukwama. Nikalibonyeza tairi kwa kidole gumba, likabonyea. Fundi wangu wa baiskeli hapa Mombasa hajazi upepo hivyo. Yeye hujaza mpaka tairi ligongwe lilie. Nikaomba pampu. "Mjomba, acha hivyo hivyo," mpwa wangu akaniambia, "njia tunayokwenda ina mawe, na tairi gumu litakurusha kila jiwe."

Asubuhi tulipanda treni hadi Oxenholme, kisha tukabadilisha na kushuka kituo cha Windermere. Kutoka hapo kuteremkia ziwani hakuna raha yoyote ya kusimulia, kwa maana barabara ya Bowness wakati wa kiangazi hujaa magari ya watalii, na nilianza kujiuliza kimoyomoyo kama nilivuka bahari ili nije kukaa katika foleni nyingine. Ziwa lenyewe, ambalo ndilo kubwa kuliko yote nchini Uingereza, lina urefu wa zaidi ya kilomita 16 lakini ni jembamba, na panapovukwa ni katikati yake, kwa feri. Mtu wa Mombasa hawezi kuipita feri ya watu bila kuikagua. Ile haikuwa na usukani wa kuihangaisha na mkondo kama zetu za Likoni. Hujivuta kwa nyaya nene za chuma zilizotandazwa toka ukingo hadi ukingo, na huchukua magari 18 tu. Waenda kwa miguu na wenye baiskeli walisimama pembeni, bila kukimbizana wala kupigiwa firimbi. Nilikiri kwamba imetulia, ila nikamwambia mpwa wangu kuwa ingeletwa Likoni saa kumi na mbili jioni ingezama kwa aibu kabla ya kuzama kwa uzito, akacheka hadi watu wakatugeukia.

Ng'ambo ya magharibi tulipinda kulia. Juu kidogo ya kivuko pana gofu la nyumba iliyojengwa katika miaka ya 1790 kwa kazi moja tu ya kutazamia ziwa. Waliokuja enzi hizo waliliangalia kupitia vioo vya rangi, kioo cha rangi ya chungwa kikiwaonyesha vuli katikati ya kiangazi na cha buluu iliyokoza kikiwaonyesha usiku wa mbalamwezi mchana kweupe. Tulisimama pale kwa dakika chache tu, kwa sababu mpwa wangu alikuwa na haraka ya kunionyesha kilichoko mbele.

Kilichoko mbele ni njia inayofuata ukingo wa ziwa kuelekea kaskazini, chini ya mialoni, hadi karibu na jumba liitwalo Wray Castle. Mwanzoni ni lami chakavu, halafu lami inakwisha na kuja changarawe iliyoshindiliwa, pana kiasi cha baiskeli mbili kwenda sambamba. Mahali pengine mizizi imekatiza njia, mahali pengine mvua imechimba mifereji na kuacha mawe ya rangi ya kijivu yamechomoza, na hapo ndipo nilipofahamu sababu ya tairi laini, kwani lilipanda jiwe, likalikumbatia na kushuka bila kunitikisa mabega. Upande wa kulia maji yalikuwa hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu. Upande wa kushoto mlima wa Claife ulipanda moja kwa moja ukiwa umevikwa msitu.

Jambo lililonishangaza lilikuwa shingo yangu. Kila baada ya muda mfupi iligeuka yenyewe kutazama nyuma, upande wa kulia, kwa kuwa Waingereza nao huendesha magari kushoto kama sisi na mwili wangu haukuona tofauti yoyote. Niliigeuza, nikaona miti. Nikaigeuza tena, nikaona mpwa wangu akinitazama kwa huruma. "Hakuna lori litakalokuja hapa, Mjomba," alisema. Nililijua hilo kwa akili, lakini tulikwenda mwendo mrefu kabla mabega hayajalegea. Ndipo nikaanza kusikia vitu ambavyo baiskeli ilikuwa ikivisema muda wote, yaani cheni ikihama gia na changarawe ikisagika, pamoja na mawimbi madogo yakigonga mawe ya ukingoni.

Nilidhani ukimya ule ni wa asili, umekuja pamoja na milima. Mpwa wangu, ambaye hupenda kusoma kanuni za mahali kabla hajafika, alinieleza kwamba ziwa lile lilikuwa likivuma kwa maboti ya kasi na watu wa kuteleza juu ya maji, mpaka mwaka 2005 mwendo ulipowekewa kikomo cha maili 10 za baharini kwa saa. Na njia tuliyokuwa tukiipita nayo ilikuwa na sheria yake. Ni njia ya farasi, iliyoandikwa katika ramani rasmi, na tangu sheria ya mwaka 1968 mwenye baiskeli ana haki ya kuipita, kwa sharti la kumpisha anayetembea kwa miguu na aliyepanda farasi. Sharti hilo tulilitimiza hapohapo, kwani mama mmoja alitokea kwenye kona juu ya farasi mwekundu. Tukashuka na kuegemea upande wa chini, naye akatushukuru kwa jina la farasi wake.

Tulipofika Wray Castle simu ikalia. Alikuwa dada yangu, naye yuko Digo Road, kwani nilisikia makanga wakiita abiria kabla sijasikia sauti yake.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona kimya hivyo, kwani kuna msiba?"

Nilimhakikishia kwamba hakuna aliyekufa, ila tuko mahali pasipo na magari. Hakulitilia maanani, alitaka kujua kama mwanawe amevaa sweta. Wray Castle yenyewe, nikiwa mtu niliyekulia karibu na Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ajili ya mizinga, sikuweza kuiheshimu sana. Ina minara na matundu ya kupigia mishale, lakini ilijengwa katika miaka ya 1840 na daktari mpasuaji mstaafu wa Liverpool ambaye hakuwa na adui yeyote.

Tuliketi nyasini tukala visheti alivyokaanga mkewe mpwa wangu, naye akaniuliza juu ya kile kichochoro cha Bamburi tulichokuwa tukimpitisha utotoni kwenda pwani kuogelea. Nikamwambia kimezibwa kwa ukuta wa mwenye kiwanja, na kwamba sasa watu huzunguka mbali sana kuyafikia maji yaleyale. Alinyamaza kidogo. "Kwani kichochoro kile hakimo kwenye ramani?" akauliza. Sikuwa na jibu. Katika miaka yote niliyokipita, haikunijia kwamba njia ya kwenda baharini inahitaji kuandikwa mahali popote.

Tulirudi kwa njia ya juu, inayokatiza msitu wa Claife, na hiyo siipendekezi kwa mtu wa umri wangu. Wanaoisifu husahau kutaja mwinuko wenye mawe makubwa ya kulegea, ambapo niliisukuma baiskeli kwa miguu huku kondoo weupe kwa uso na kijivu kwa mwili wakinitazama. Kondoo hao wa Herdwick huzaliwa weusi na kupauka kadiri wanavyokua. Kila penye lango tulilifungua, tukapita, tukarudisha komeo. Juu kulikuwa na kidimbwi kilichozungukwa na magugu. Tukatia udhu kwa maji baridi yaliyoumiza vidole na kuswali Alasiri, bila haraka, maana jua la huko wakati ule halizami hadi saa nne kasorobo usiku.

Niliporudi Mombasa nilikwenda ofisi ya ardhi nikalipia karatasi ya ramani ya upimaji ya sehemu ile ya Bamburi. Kichochoro kimo, kimechorwa kwa mistari miwili kutoka barabarani hadi pwani. Nimeambatisha nakala yake kwenye barua ya malalamiko, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa, na nakala nyingine nimempelekea mpwa wangu Preston, ambaye sasa huniuliza habari za barua hiyo kabla hajaniuliza habari za afya.