Hodi inapomtisha paka

Jumamosi, jioni

Paka mwoga huwa ameshaingia uvunguni kabla mwenyeji hajaitikia "karibu". Watu humlaumu mgeni, lakini naamini kazi inaanzia kwenye hodi yenyewe. Kila ikisikika, hufuata sauti ngeni, viatu vizito, na mikono inayomnyakua. Mwishowe paka hamsubiri hata mgeni amwone, anaukimbia mlango.

Kwa hiyo hodi ifundishwe upya siku zisizo na wageni, paka akiwa na njaa kidogo. Mtu wa nyumbani atoke, agonge taratibu, abishe hodi kwa sauti ya chini. Hapo hapo aliye ndani adondoshe kipande cha kuku wa kuchemsha, kikubwa kama punje ya hindi, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka). Mara tano zinatosha kwa siku. Hodi itangulie, kuku afuate. Ukigeuza mpangilio, paka ataanza kumshuku kuku.

Mgeni wa kweli akija, akae chini mkekani, ubavu ukiwa upande wa paka, na asimkazie macho. Afumbe macho polepole, ayafumbue polepole. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kuwa paka humsogelea zaidi mtu asiyemjua akifanya hivyo kuliko akikaa na uso mkavu.

Kosa ninaloliona zaidi, na linaloniuma kwa sababu hufanywa kwa mapenzi, ni kumwita paka kwa chakula kilichoshikwa mkononi. Mtazame vizuri: shingo imenyooka, tumbo linakaribia sakafu, lakini miguu ya nyuma imebaki ilipokuwa, tayari kuruka. Akishameza ndipo anaona amefika karibu mno, na hofu inarudi maradufu. Mgeni akitupe chakula nyuma ya paka. Paka atarudi nyuma kukifuata, atapumua, kisha atageuka mwenyewe.

Akija kunusa, apewe kidole kimoja usawa wa pua. Akisugua shavu, akunwe shavuni na kidevuni kwa sekunde tatu, basi. Tumbo na mkia viachwe.

Uvungu usizibwe kamwe. Boksi tupu, lililolazwa kwa ubavu kwenye kona isiyopitwa na watu, husaidia sana. Trei ya mchanga na maji viwe upande huohuo, asilazimike kukatiza katikati ya wageni.

Paka mkarimu akianza kujificha ghafla, apelekwe kwa daktari wa mifugo, maana huenda ana maumivu.

Na sikukuu ya Idi, nyumba ikijaa watoto, si siku ya mafunzo. Afungiwe chumba kimoja chenye mahitaji yake yote, na ufunguo ashike mtu mmoja.