Theluji ya Dome C na malisho ya Marsabit

Kazi yangu ni kufuatilia malisho ya kaskazini mwa Kenya kwa picha za setilaiti, na mahali ninapopategemea sana hapaoti hata unyasi mmoja. Panaitwa Dome C, kwenye kilele cha kuba la barafu mashariki mwa Antaktika, zaidi ya mita 3,200 juu ya usawa wa bahari. Wafaransa na Waitalia wana kituo chao pale, Concordia.

Kihisi cha setilaiti kikisharushwa angani huanza kuchakaa, na hakuna fundi wa kupanda huko kukirekebisha. Vihisi vya AVHRR vya setilaiti za hali ya hewa za Marekani, za NOAA, vilivyotupa rekodi ndefu ya mimea kuanzia 1981, havikuwa hata na kifaa cha kujipimia katika bendi (sehemu za rangi za mwanga) zinazoonekana kwa macho. Vilihitaji jiwe la mizani hapa duniani: mahali ambapo mwanga unaorudi juu haubadiliki mwaka hadi mwaka, ili namba ikishuka ujue kilichochoka ni kihisi, si ardhi.

Dome C panafaa kwa hilo. Theluji yake hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya mwanga unaoonekana. Hewa ni nyembamba na kavu, vumbi karibu hakuna. Na kwa kuwa setilaiti hizi huzunguka zikipita karibu na ncha za dunia, njia zao hukaribiana huko, hivyo kihisi kimoja hupaona mara kadhaa kwa siku moja.

Ugumu upo kwenye jua. Hata katikati ya kiangazi halipandi zaidi ya nyuzi 39 hivi kutoka upeo wa macho, na theluji haitawanyi mwanga sawasawa kila upande. Upepo huichonga matuta madogo yenye vivuli, sastrugi. Pale kileleni hakuna mteremko wa kuukimbiza upepo, kwa hiyo matuta ni mafupi, lakini yapo. Ndiyo maana watafiti walipanda mnara wa mita 32 wakapima mwanga kwa pembe nyingi, jua likizunguka bila kuzama. Kazi ya baridi kali namna ile naiheshimu mno. Bila jedwali za vipimo hivyo, weupe wa theluji usingetufaa kitu. Katika infraredi ya karibu, mwanga ulio nje kidogo ya wekundu tunaouona, mambo huwa magumu zaidi, maana chembe za theluji zikikua uakisi hushuka.

Huku kwetu athari yake si ya kinadharia. Faharasa ya VCI, inayolinganisha hali ya mimea ya sasa na ya miaka iliyopita, ikishuka chini ya 35, taarifa za ukame hubadilika, na katika kaunti kama Marsabit na Turkana malipo ya dharura kwa kaya yamekuwa yakiamuliwa kwa faharasa hiyo. Sasa fikiria kihisi chenyewe kimefifia. Imeshatokea: kihisi cha MODIS cha setilaiti ya Terra, iliyorushwa Desemba 1999, kilipoteza wepesi wa kuhisi mwanga hasa kwenye bendi ya buluu, na mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba uchakavu huo ulifanya mimea ionekane kupungua zaidi kuliko ilivyopungua kweli. Matoleo ya data yaliyofuata yalirekebishwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu mnaochora mfululizo wa miaka ishirini wa hali ya mimea: acheni toleo la 5 la data za MODIS, hata kama limeshajaa kwenye kompyuta zenu. Pakueni la 6.1, na kwenye kila ramani mwandike ni toleo gani mmetumia.