Anwani ya Mweka na ruta niliyoiandika mwenyewe

Mwaka jana nilipewa kazi ya kuunda upya tovuti ya ofisi moja ya utalii hapa Moshi, inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na kwa kuwa tovuti yenyewe ilikuwa na kurasa zisizofika thelathini, niliamua kutotumia fremuweki yoyote, yaani msingi wa programu ulioandikwa tayari na wengine. Nilitaka ukurasa mmoja tu upakuliwe, kisha JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa na kivinjari, ibadilishe kilichomo kila mgeni anapobofya kiungo. Kwa hiyo ilinipasa kuandika mwenyewe ile sehemu ya programu inayosoma anwani iliyo kwenye kivinjari na kuamua ni komponenti ipi, yaani kipande kipi cha ukurasa, ichorwe. Sehemu hiyo huitwa ruta, jina ambalo kwa watu wengi wa mjini kwetu ni la kile kiboksi cha intaneti kinachowaka taa juu ya kabati. Mama mwenye ofisi aliniuliza mara mbili kwa nini ninatengeneza ruta ilhali iliyopo inafanya kazi vizuri.

Ruta yangu ya kwanza ilikuwa na mistari ipatayo arobaini. Iliikata anwani kila penye mkwaju (/), ikapata vipande, kisha ikapita kwenye orodha ya kanuni, kila moja ikitaja aina ya anwani na komponenti yake, kutoka juu hadi chini na kusimama kwenye kanuni ya kwanza iliyolingana. Kanuni nyingine zilikuwa na maneno yasiyobadilika, kama vile /mawasiliano, na nyingine zilikuwa na kigezo, yaani nafasi inayokubali neno lolote, kama vile /njia/:jina. Hii ya pili ndiyo iliyobeba kazi kubwa, kwa maana /njia/machame, /njia/marangu, /njia/lemosho, /njia/rongai na /njia/umbwe zote zilikwenda kwenye komponenti moja inayoonyesha idadi ya siku, kambi, bei na kitufe cha kuomba nafasi.

Tatizo lilianzia Mweka. Yeyote aliyewahi kumbebea mgeni mzigo mlimani anajua kwamba Mweka ni njia ya kushukia: waliopanda kwa Machame au Lemosho hushukia huko, na hakuna anayeuziwa safari ya kupanda kwa Mweka. Niliiandalia ukurasa wake wa maelezo, usio na bei wala kitufe, nikaiongeza kanuni ya /njia/mweka mwishoni mwa orodha kama mtu anayeshika nafasi yake nyuma ya foleni. Kanuni ya /njia/:jina ilikuwa juu yake, na kwa kuwa :jina hukubali neno lolote, Mweka nayo ilimezwa. Siku tatu baadaye simu ililia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hebu niambie, tangu lini sisi tunapandisha watu kwa Mweka? Hapa kuna mgeni ameomba nafasi, na sehemu ya bei iko wazi.”

Niliipandisha kanuni ya Mweka juu ya ile yenye kigezo na tatizo likaisha kwa dakika moja, lakini wiki mbili baadaye nilirudia kosa lilelile nilipoongeza /njia/linganisha, ukurasa wa kulinganisha njia mbili. Hapo ndipo nilipotambua kwamba usahihi wa tovuti yangu ulitegemea mpangilio wa mistari ambao haukuandikwa popote isipokuwa kichwani mwangu. Zipo fremuweki zinazoendelea na utaratibu huo, kwa mfano Angular, ambayo huchukua kanuni ya kwanza inayolingana, na ndiyo maana kanuni yake ya nyota mbili, inayokubali anwani yoyote, huwekwa mwisho. React Router, ruta iliyoandikwa tayari na wengine, kuanzia toleo la 6 lililotoka mwaka 2021, hupima yenyewe ni kanuni ipi iliyo mahususi zaidi. Niliamua kufuata wazo hili la pili.

Nilikipa kila kipande cha kanuni uzito: neno lisilobadilika alama 3, kigezo alama 2, na nyota inayokusanya chochote kilichobaki alama 1. Mwanzoni nilijumlisha alama hizo, na jumla ikanidanganya. Tovuti ilikuwa na kanuni ya /:lugha/mawasiliano kwa ajili ya kurasa za lugha mbalimbali, na mgeni anapofungua /njia/mawasiliano, kanuni hiyo inalingana, na /njia/:jina inalingana pia, kila moja ikiwa na alama 5. Niliacha kujumlisha, nikaanza kulinganisha kipande kwa kipande kutoka kushoto: kipande cha kwanza kinapotofautiana uzito, shauri limekwisha, vingine havitazamwi. Kanuni hupangwa hivyo mara moja tu tovuti inapofunguka, na tangu hapo ninaongeza kanuni mpya popote ninapotaka katika orodha.

Kosa jingine lilikuwa dogo lakini lilinila jioni nzima. Ofisi ilikuwa na kifurushi kinachoitwa Machame 6/7, kwa sababu mgeni huchagua siku 6 au 7, na jina hilo linapoingia kwenye anwani mkwaju wake hufichwa kwa alama za %2F. Msimbo wangu ulifumbua alama hizo kwanza kwenye anwani nzima na kuikata baadaye, hivyo anwani yenye vipande viwili ikawa na vitatu na mgeni akaambiwa kwamba ukurasa haupo. Utaratibu sahihi ni kukata kwanza, kisha kufumbua kila kipande peke yake.

Siku ya kuiweka tovuti kwenye seva, kompyuta inayowapa wageni kurasa, kila nilichokibofya kilifunguka, lakini kiungo cha /njia/lemosho kilichotumwa kwa WhatsApp kilileta kosa la 404, yaani ukurasa haukupatikana. Kubofya ndani ya tovuti hakuiulizi seva chochote, kwa kuwa pushState, amri ya JavaScript niliyoitumia, hubadilisha anwani tu. Kufungua kiungo kutoka nje humfanya mgeni aiendee seva moja kwa moja, nayo ikatafuta faili lenye jina hilo isilione. Niliielekeza seva irudishe ukurasa mkuu kwa kila anwani isiyokuwa na faili. Mara kivinjari kikalalamika kwamba kimekuta alama ya < mwanzoni mwa faili la JavaScript: nilikuwa nimeandika mahali pa faili hilo bila mkwaju wa mwanzo, kivinjari kikalitafuta ndani ya /njia/, na seva, kwa utiifu wake mpya, ikakipa ukurasa mkuu badala ya msimbo.

Lililonitia hofu zaidi nililigundua mwenyewe kabla ya mgeni yeyote. Nilikuwa nimeiambia ruta isiichore upya komponenti ikiwa ni ileile iliyopo kwenye kioo, ili kuokoa muda. Nilipotoka /njia/machame kwenda /njia/lemosho, komponenti ilikuwa ileile kweli, anwani juu ikasomeka Lemosho, na chini yake bei ya Machame ikabaki imetulia. Sasa ruta hulinganisha komponenti pamoja na vigezo vyake, na kigezo kimoja kikibadilika, data huletwa upya.

Mwishoni lilikuja suala la gari. Fundi wa maandishi aliyechora anwani ubavuni mwa Land Cruiser ya ofisi aliiandika yote kwa herufi kubwa, hadi /NJIA/MACHAME. Jina la tovuti halijali ukubwa wa herufi, lakini katika kinachofuata baada yake, kwa mujibu wa RFC 3986, waraka wa mwaka 2005 unaoeleza jinsi anwani za mtandao zinavyoandikwa, herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, na ruta yangu iliutii waraka huo kikamilifu. Niliongeza sharti la kugeuza herufi kuwa ndogo kabla ya kulinganisha, kisha kuisahihisha anwani kwa replaceState, inayoandika juu ya anwani iliyopo, badala ya pushState, inayoongeza nyingine kwenye historia ya kivinjari, ili mgeni akibonyeza kitufe cha kurudi asijikute akirudishwa palepale. Sharti hilo bado limo kwenye msimbo, na gari bado halijapakwa rangi upya.