Uso Siuhitaji

Mwaka 2010 nilikuwa nasomea ngoma Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa ambacho wenyeji waliendelea kukiita Chuo cha Sanaa ingawa kilishakuwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Msanii mmoja wa Bongo Fleva akaja kutoka Dar kushuti video ufukweni, akataka madansa wanne wa kike. Tukaenda. Hela yenyewe ndogo, ila mwanafunzi hachagui hela.

Dairekta alitupokea na mfuko wa kaptura na shanga. Kaptura hazikutusumbua. Shanga ndizo zilizotukwamisha. Kwetu pwani shanga za kiunoni ni mambo ya ndani. Msichana huelezwa habari zake na somo au kungwi, mlango ukiwa umefungwa. Mwenzangu mmoja, Mzaramo, akamwambia, "Kaka, hizi hazivaliwi juani." Akajibu kwamba bila shanga video haitakuwa na ladha ya pwani. Tukazivaa juu ya kaptura kama mkanda. Akina mama waliokuwa wakikaanga samaki pale jirani wakatupigia vigelegele vya kejeli, na walikuwa na haki.

Watu wakisikia kisa hiki hudhani tuliudhika kukatishwa viuno. Wapi! Sindimba ya Wamakonde, ambayo tulikuwa tukiitolea jasho kila wiki, ni kiuno mwanzo mwisho, na wanaume hukikata vilevile. Msondo wa unyago nao ni kiuno, ila huchezwa wanawake kwa wanawake. Lakini kwenye ngoma mchezaji na mpigaji wanajibizana. Nikishuka, naye anashuka. Nikimtania kwa macho, anabadilisha mdundo, na watazamaji wanajua nani kamshinda nani. Pale ufukweni muziki ulitoka kwenye spika. Msanii alikaa kwenye kiti, koti mwilini, miwani usoni, jua la saa saba lile, hatikisi hata bega. Kamera ilikuwa imepiga magoti nyuma yetu. Nilipogeuka kumcheka mwenzangu, dairekta akapaza sauti: "Dada, usigeuke! Uso siuhitaji."

Basi tukampa migongo mpaka jua likapoa.

Video tuliiona baadaye kwa mama lishe tuliyekuwa tunakula kwake kwa mkopo. Akaongeza sauti ya runinga. "Haya wanangu, nyie mko wapi?"

Tukakodoa macho. Viuno vinne, kaptura zilezile, shanga zilezile, vinakuja na kupotea. Mimi nikasema cha pili kutoka kushoto ni changu. Mwenzangu akaapa kwa Mungu ni chake, eti anakijua. Tukabishana mpaka wateja wakaacha kula. Msanii alionekana kila pembe, hadi saa yake ya mkononi ungeweza kuisoma.

Mama lishe akauliza kama tulilipwa hela yote.

"Nusu," tukasema.

"Basi hiyo nusu ije hapa, deni la wali limechacha."