Usiku mmoja katika jengo la Brodrick

Nimelala Scarborough, mji wa pwani huko Uingereza, kwenye Grand Hotel, jumba la matofali lililokaa juu ya genge likiitazama Bahari ya Kaskazini. Lilipofunguliwa mwaka 1867 lilikuwa miongoni mwa hoteli kubwa kabisa Ulaya. Msanifu wake, Cuthbert Brodrick, ndiye aliyesanifu pia ukumbi wa mji wa Leeds, ninaoupita kila siku nikienda kazini. Anayeujua ule haambiwi kwamba huyu bwana hakupenda vitu vidogo. Hapa aliamua kujenga kalenda: minara 4 ya majira, ghorofa 12 za miezi, dohani 52 za wiki, vyumba 365. Umbo lenyewe ni V, kwa heshima ya Malkia Victoria.

Hesabu hiyo kila mtu anaisimulia. Mimi nimenaswa na mabafu. Zamani yalikuwa na koki za ziada zilizotoa maji ya bahari, maana wakubwa wa enzi zile waliyaamini kama dawa. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu ukitoka kuogelea huingii ndani kabla hujajisuuza chumvi, mama amesimama mlangoni na kata ya maji. Wenzetu walilipa ili chumvi iwafuate hadi chumbani!

Halafu zile dohani. Mgeni aliamka moto unawaka, kwa hiyo kuna aliyeamka kabla yake, akazoa jivu la jana na kupandisha makaa ya mawe. Ghorofa zote hizo! Nimepanda ngazi kuu taratibu, mkono kwenye reli yake ya kushikilia, na sidhani kama watumishi wale waliruhusiwa kupita hapo na ndoo zao.

Tarehe 16 Desemba 1914 manowari za Kijerumani ziliupiga mji huu kwa mizinga, na hoteli nayo ikapigwa.

Siku hizi wageni wengi ni wastaafu wanaoletwa na mabasi, na shakwe wametaga kwenye kingo za kuta bila kumwomba mtu ruhusa. Makelele yao alfajiri, usiseme. Wapo wanaosikitika kwamba hoteli imeshuka hadhi. Siwaungi mkono. Enzi ya hadhi hiyo ningeingilia mlango wa nyuma, ndoo ya makaa mkononi, au nisingeingia kabisa.