Monk na ile miaka kumi bila studio

Usiku wa jana nimezirudia rekodi za London za Thelonious Monk, yule mpiga piano wa jazz wa Marekani, hedifoni masikioni, saa nane hiyo bado niko macho. Zilirekodiwa siku moja tu, tarehe 15 Novemba 1971, Al McKibbon kwenye besi, Art Blakey kwenye dramu, na nyingine Monk kapiga peke yake. Zile za peke yake ndo zinanimaliza. Kuna mahali unasikia vidole vinatafuta kitu, vinasita, halafu vinatua pale ambapo hukutegemea kabisa na unabaki unasema eeh, kumbe ni pale! Alikuwa na miaka 54. Baada ya hapo hakurekodi tena albamu yake studio mpaka anafariki Februari 1982.

Na jamani, huyo Blakey ndo aliyekuwepo kwenye dramu Oktoba 1947, kampuni ya rekodi ya Blue Note walipomrekodi Monk kwa mara ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Mwanzo yupo, mwisho yupo.

Watu wanapenda kuigeuza hii miaka kumi kuwa fumbo, eti mzee aliamua kunyamaza kama mtawa, mi sikubali. Monk alikuwa anaumwa. Matatizo ya akili yalimwandama miaka mingi, amelazwa hospitali mara kadhaa, na kuna vipindi alikuwa anaweza kukaa siku nzima haongei na mtu. Ukiangalia nyuma ndo inauma zaidi, maana 1951 New York walimnyang'anya kibali cha kupiga kwenye klabu zinazouza pombe, akakaa hivyo karibu miaka sita, na katikati ya shida zote hizo bado alikuwa anarekodi kwa sababu studio hawakuulizi kibali. Yaani jukwaani kafungiwa, studio anafanya kazi. Miaka ya sabini ikawa kinyume, 1975 na 1976 bado alipanda jukwaani mara chache, studio ndo hakurudi tena.

Miaka ya mwisho alikaa kwa rafiki yake Pannonica de Koenigswarter, Weehawken, New Jersey, nyumba inayotazamana na Manhattan ng'ambo ya mto Hudson. Paka kibao. Piano ipo humo ndani, na Barry Harris, mpiga piano mwingine mkali sana, alikuwa anaishi hapohapo, kwa hiyo muziki haukukosekana, ila Monk mwenyewe karibu haigusi. Mimi hiyo piano naiwaza sana.

Naiwaza kwa sababu mjomba wangu alipiga gitaa la solo kwenye bendi, siku hizi liko juu ya kabati ndani ya mfuko wake, na kila Idi nikienda kumsalimia nilikuwa namuuliza mjomba mbona hupigi tena, tupigie hata moja tu. Nilidhani namtia moyo. Mwaka huu sikuuliza. Tumekula, tumesikiliza redio, ikapita nyimbo ya zamani nikaona vidole vya mkono wake wa kushoto vinatembea pale juu ya goti, taratibu, mpaka nyimbo ikaisha. Halafu akaniambia, "Mjomba, hebu ongeza sauti kidogo."